Skripti Iliendeshwa Kila Siku, Nakala Hazikuwapo: Uchambuzi wa Kisa cha GitLab cha 2017

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu mtandaoni, alifuta folda ya data ya kanzidata kuu ya GitLab.com akidhani yuko kwenye seva ya pili. Folda ile ilikuwa na takribani GB 300. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akaikatiza amri, lakini zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha amri ya `rm -rf`, inayofuta folda na vyote vilivyomo. Kwangu mimi amri ile ndiyo sehemu yake nyepesi zaidi. Watu huchoka, seva zenye majina yanayokaribiana huchanganywa, na nakala rudufu, yaani bekapu, zipo ili kosa la aina hiyo liishie kuwa usumbufu wa saa chache. Kinachostahili kuchambuliwa ni namna timu iliyokuwa na njia tano za kulinda data ilivyofika siku ya kuzihitaji ikakuta hakuna hata moja ya kutegemea. Jibu linamgusa kila anayeandika skripti za kutunza bekapu mawinguni, na linamgusa zaidi yule anayehudumia kanzidata mia kwa skripti moja.

Tunaweza kuchambua kwa undani kwa sababu GitLab wenyewe waliweka kila kitu hadharani. Usiku uleule daftari lao la kazi lilifunguliwa kwa umma, ukarabati ukarushwa mubashara kwenye YouTube, na siku chache baadaye ikatoka ripoti kamili. Ni uwazi wa kuheshimiwa. Kampuni nyingi zingeandika aya mbili za kuomba radhi na kufunga mlango.

Yaliyotangulia

GitLab.com wakati huo ilikuwa kwenye wingu la Azure, na kanzidata yake ya PostgreSQL ilikaa kwenye seva mbili. Ya kwanza, db1, ilipokea maandishi yote. Ya pili, db2, ilirudufisha kila kilichoandikwa kwenye ile ya kwanza na kusubiri, ili kuu ikianguka nyingine ishike usukani.

Saa 17:20 UTC mhandisi alichukua picha ya diski ya LVM (nakala ya hali ya diski ilivyo kwa wakati huo) ya kanzidata kuu. Utaratibu wa kawaida ulikuwa picha moja kila saa 24. Hii aliichukua kwa mkono, kwa kuwa alitaka data mpya kwenye mazingira ya majaribio alikokuwa akijaribu kugawa mzigo kwa pgpool-II. Hakuichukua kama bekapu. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuiokoa kampuni.

Jioni mzigo kwenye kanzidata ukapanda, sehemu kwa sababu ya watumaji taka. Kufikia saa 23:00 db2 ilikuwa imebaki nyuma kiasi kwamba vipande vya kumbukumbu ya maandishi, yaani WAL, ilivyovihitaji vilikuwa vimeshafutwa kwenye db1. Hapakuwa na mahali pengine vilipohifadhiwa, hivyo db2 ikabidi ijengwe upya kwa `pg_basebackup`, na zana hiyo inataka folda tupu. Ilipoendeshwa ilikaa kimya. Kumbe ilikuwa inaisubiri seva kuu ianze kutuma data, ila haikusema lolote. Mhandisi akahisi kuna mabaki kwenye folda yanayoizuia. Akaamua kuyafuta, na dirisha la amri alilokuwa nalo mbele yake lilikuwa la db1.

Msako wa nakala

Tegemeo la kwanza lilikuwa skripti ya kila siku. Cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, iliamsha `pg_dump`, zana ya kunakili kanzidata ya PostgreSQL, kila baada ya saa 24, na matokeo yake yalipelekwa kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon. Walipofungua hifadhi ile, haikuwa na kitu.

Hapa ndipo penye mafunzo mengi kuliko popote katika kisa hiki. Kanzidata ilikuwa ya toleo la PostgreSQL 9.6. Seva ilipoendeshwa skripti haikuwa seva ya kanzidata. Ilikuwa seva ya programu. Kifurushi cha GitLab kilikuwa na zana za matoleo zaidi ya moja, na kiliamua zipi zitumike kwa kusoma faili linaloitwa PG_VERSION ndani ya folda ya data. Kwenye seva ya programu hakuna folda ya data, kwa hiyo faili hilo halikuwapo, na kifurushi kikarudi kwenye toleo lake la msingi, 9.2. Sasa, `pg_dump` hukataa kabisa kunakili seva iliyo ya toleo kuu jipya kuliko yenyewe. Siku zile, kabla ya PostgreSQL 10 kubadili namna ya kuhesabu, 9.2 na 9.6 yalihesabiwa kuwa matoleo makuu mawili tofauti. Zana ikakataa na kufa, na yaliyobaki yalikuwa mafaili ya baiti chache tu.

Tazama jinsi kila kipande kilivyokuwa sahihi kikiwa peke yake. Cron iliamka kwa wakati. Kifurushi kilifuata kanuni yake. `pg_dump` ilikuwa na haki ya kukataa, maana nakala iliyochukuliwa kwa zana ya zamani ingeweza kuwa na kasoro mbaya zaidi. Kosa lilikaa kwenye maungio, mahali ambapo hakuna anayepakagua kwa kuwa kila fundi anaangalia kipande chake.

Tuseme ukweli, skripti haikunyamaza kabisa. Cron ilipangwa kutuma barua pepe kila kazi inaposhindikana, nayo ilituma. Lakini upande wa kupokea ulitumia DMARC, mfumo wa kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, na barua za cron hazikuwa zimeandaliwa kwa ukaguzi huo. Zikakataliwa moja baada ya nyingine. Wahandisi hawakupata barua ya kushindwa, wakaelewa kwamba mambo yanakwenda. Ukimya ukasomeka kama habari njema.

Nimelifikiria sana jambo hili na msimamo wangu ni huu: tahadhari inayokuja pale tu mambo yanapoharibika haifai kwa bekapu. Bekapu ni kazi ambayo hakuna mteja anayeiona ikifa. Tovuti ikizimika watu watapiga simu. Nakala isipochukuliwa hakuna atakayelalamika mpaka siku ya msiba. Kwa hiyo ishara sharti igeuzwe. Kila nakala iliyofanikiwa itoe taarifa mahali fulani, na taarifa ikikosekana kwa muda uliowekwa, king'ora kilie chenyewe, kikilia kutoka kwenye mfumo mwingine usiokaa kwenye seva ileile wala kupitia njia ileile ya barua.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Azure ilikuwa na picha za diski, na GitLab walizitumia kwenye seva za NFS (za kushirikisha mafaili mtandaoni), lakini kwenye seva za kanzidata hazikuwashwa kwa kuwa iliaminika njia nyingine zinatosha. Urudufishaji wa db2 ulikuwa ndio kwanza umevunjika, na folda yake ilikuwa imeshafutwa tayari kwa ujenzi mpya. Hata ungekuwa mzima, urudufishaji si bekapu: jedwali likifutwa kwenye seva kuu, linafutwa na kwenye ya pili muda huohuo. Uhifadhi wa WAL, ambao ungewawezesha kurudi kwenye dakika yoyote waliyotaka, haukuwapo.

Ikabaki LVM. Picha ya utaratibu ilikuwa na umri wa karibu saa 24. Ile ya mkono ilikuwa na umri wa saa sita. Wakachukua ya mkono, iliyokuwa kwenye mazingira ya majaribio, na kuanza kuirudisha. Diski za mazingira yale zilikuwa za daraja la chini, zikisoma kwa kasi ya takribani Mbps 60, na kunakili GB zote zile kukachukua saa nyingi mno. Tovuti ilikaa nje ya huduma kwa takribani saa 18. Kila kilichoandikwa kwenye kanzidata baada ya saa 17:20 kilipotea: takribani miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Hazina za Git zenyewe, yaani msimbo wa miradi, zilisalimika kwa kuwa zilihifadhiwa pengine.

Kuna jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Skripti iliyopeleka data kwenye mazingira ya majaribio iliondoa webuhuku (mipangilio ya kutuma taarifa kwa mifumo mingine tukio likitokea) njiani, na ilifanya vizuri kabisa, maana hutaki mazingira ya majaribio yaanze kutuma taarifa kwa mifumo ya wateja. Ila siku nakala hiyo ilipogeuka kuwa bekapu pekee, webuhuku zikawa kazi ya pekee ya kurejesha. Nakala iliyotengenezwa kwa kusudi moja hubeba maamuzi ya kusudi hilo. Ukiiazima kwa kazi nyingine, uliza kwanza nini kilitolewa ndani yake.

Zikiwa mia

GitLab walikuwa na kanzidata moja kubwa, na bado hakuna aliyeona kwamba haina nakala. Sasa chukua timu yenye kanzidata mia mbili, nyingine za huduma, nyingine za wateja mmojammoja, zimetapakaa kwenye maeneo matatu ya mtoa huduma wa wingu. Hakuna binadamu wa kuzikagua kwa macho. Lazima iwe skripti, na kosa moja ndani yake linajirudia mara mia mbili kwa dakika chache.

Skripti nyingi za aina hii huandikwa hivi: soma orodha, zunguka, nakili, maliza. Mwandishi mwangalifu huweka juu `set -e`, inayosimamisha skripti kosa likitokea, ili kosa lisipite. Kwenye kazi ya mkupuo uangalifu huo unakugeuka. Kanzidata ya kumi na mbili ikikataa, skripti inasimama, na zile mia moja themanini na nane zilizobaki hazipati nakala usiku huo. Ukiondoa `set -e` bila kuweka kitu mahali pake, kosa linamezwa na skripti inaisha kwa furaha. Na ukiandika `pg_dump` ikimwaga ndani ya `gzip`, zana ya kubana mafaili, bila `pipefail` (inayofanya kosa la amri yoyote kwenye mnyororo lihesabiwe), `pg_dump` inaweza kufa papo hapo, `gzip` ikabana utupu kwa uaminifu wote, ukabaki na faili la baiti 20 lenye jina zuri na tarehe ya leo.

Umbo ninaloliamini ni hili:

```
#!/usr/bin/env bash
set -uo pipefail

leo=$(date +%F)
mbovu=0

while IFS= read -r kanzi; do
  faili="/nakala/$kanzi-$leo.dump"
  if pg_dump -Fc -d "service=$kanzi" -f "$faili" </dev/null \
     && pg_restore --list "$faili" >/dev/null; then
    echo "$kanzi SAWA $(stat -c %s "$faili")"
  else
    echo "$kanzi IMESHINDIKANA 0"
    mbovu=1
  fi
done < orodha.txt > "ripoti-$leo.txt"

exit "$mbovu"
```

Kila kanzidata inapata nafasi yake hata jirani yake akianguka. Kila moja inaacha mstari kwenye ripoti, iwe imefaulu au la. `pg_restore --list` inafungua faili na kusoma yaliyomo, hivyo faili tupu au lililokatika kichwani halitapita. Haithibitishi kwamba data yote imo, lakini ingelikamata tatizo la GitLab siku ya kwanza. Maneno ya siri hayamo kwenye skripti; maelezo ya kila seva yanakaa kwenye faili la huduma la PostgreSQL. Na ukubwa umeandikwa makusudi. Nakala iliyokuwa GB 40 jana na leo ni GB 3 inahitaji mtu aiangalie hata kama skripti imesema SAWA.

Udhaifu mkubwa wa skripti hiyo uko kwenye `orodha.txt`. Nani aliiandika, na lini? Kanzidata iliyoundwa Jumanne na mtu wa timu nyingine haimo humo, na kwa kuwa haimo, haitashindikana kamwe. Ripoti itakuwa safi mwaka mzima. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi uanzie upande wa pili: muulize mtoa huduma wa wingu anaziona kanzidata zipi, kisha kwa kila moja tafuta nakala yake ya mwisho ina umri gani na ukubwa gani. Isiyo na jibu ndiyo taarifa yako ya asubuhi. Skripti ya kuchukua nakala na skripti ya kukagua ziwe mbili, zisome vyanzo tofauti, na ikiwezekana ziandikwe na watu tofauti.

Hata kumuuliza mtoa huduma kuna mtego wake. API (njia ya programu kuuliza programu nyingine) ya RDS, huduma ya kanzidata ya wingu la Amazon (AWS), hurudisha majibu kwa kurasa, na kwa kawaida ukurasa mmoja una kumbukumbu 100. Ukiiita kwa maktaba ya boto3 bila kufuata alama ya ukurasa unaofuata, unapata mia za kwanza bila onyo lolote. Skripti iliyoandikwa wakati mna kanzidata sitini itafanya kazi barabara, na siku mtakapopita mia itaanza kuziacha za mwisho. Zana ya amri ya AWS hufuata kurasa yenyewe, lakini ina jambo lake: ukitumia `--query` pamoja na `--output text`, kichujio kinatumika kwa kila ukurasa peke yake. Ukiomba picha ya karibuni zaidi kwa kupanga kwa tarehe na kuchukua ya mwisho, utapata mstari mmoja kwa kila ukurasa. Skripti inayosoma mstari wa kwanza tu inaweza kuwa inanakili kwenda eneo jingine picha ya miezi iliyopita, kila usiku, bila kosa hata moja kwenye logi. Tumia `--output json`. Hapo kichujio hupita juu ya majibu yote yakiwa yamekusanywa.

Skripti inayofuta

Kuna upande wa kazi hii unaonitia wasiwasi kuliko wote, nao ni kufuta. Picha za mkono kwenye RDS hazina mwisho. Zinakaa na kulipiwa mpaka uzifute. Bekapu za moja kwa moja zina kikomo cha siku 35. Kwenye Azure SQL muda wa kurudi nyuma ni siku 7 usipogusa kitu, hadi 35, na uhifadhi wa muda mrefu unaweza kufika miaka 10. Kwa hiyo kila timu hatimaye huandika skripti ya kufagia za zamani, na hiyo ndiyo skripti pekee kati ya zote inayoweza kukumalizia kila kitu kwa dakika moja. Daftari la GitLab la usiku ule lenyewe lilikuwa na dhana kwamba huenda maktaba iliyopakia mafaili S3 ilizifagia zilizokuwepo.

Kanuni ya kufuta isitegemee umri peke yake. Ukisema futa zote zilizozidi siku 30, na nakala mpya ziliacha kuchukuliwa siku 31 zilizopita, mfagio utaondoa zote ulizonazo huku ukitii agizo. Weka idadi ya chini isiyoguswa kwa kila kanzidata, bila kujali umri, na hesabu zile tu zilizopita ukaguzi. Kabla ya kufuta, skripti ichapishe inachotaka kufuta, na ikizidi sehemu fulani ya vyote isimame imngoje mtu. Utambulisho unaochukua nakala usiwe na ruhusa ya kufuta, na wa kufuta usiwe na ruhusa kwenye akaunti ya pili unakotunza nakala za akiba. Kwa zile za S3, Object Lock, kufuli la kuzuia faili lisifutwe, ilikuja mwaka 2018, na katika hali yake ya masharti makali hata mwenye akaunti kuu hawezi kuliondoa faili kabla ya muda wake.

Na kuna ufutaji usioonekana kama ufutaji. Ukiifuta kanzidata ya RDS yenyewe, bekapu zake za moja kwa moja huondoka nayo usipochagua kuzibakiza. Skripti ya kusafisha mazingira ya zamani inapaswa kulijua hilo kwa maandishi, kwa bendera ya `--no-delete-automated-backups`, isiachiwe kumbukumbu ya aliyeiandika.

Waliyobadilisha

Orodha ya hatua za GitLab baada ya tukio ilikuwa ndefu. Picha za LVM zifanyike kila saa badala ya kila siku. Picha za diski za Azure ziwashwe kwa kanzidata. Bekapu zifuatiliwe kwa Prometheus, zana ya kufuatilia mifumo. WAL ihifadhiwe mfululizo. Kishawishi cha amri (maandishi yanayotangulia pale unapoandika amri) kwenye kila seva kionyeshe waziwazi uko mazingira gani. Yapo mawili ninayoyaweka juu ya mengine.

La kwanza ni jaribio la kurejesha linalojiendesha lenyewe. Kwa anayetunza kanzidata mia mbili maana yake ni zamu: kila usiku chagua chache, zirejeshe kwenye seva ya muda, hesabu safu za jedwali kubwa, tafuta kumbukumbu ya karibuni zaidi na uilinganishe na saa ya nakala, kisha bomoa seva. Pima na muda uliotumika, kwa sababu saa 18 za GitLab zilitokana kwa sehemu kubwa na kasi ya diski ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Gharama ipo, na mwenye bajeti ataiuliza. Mwonyeshe ripoti yenye safu mbili, nakala ilichukuliwa lini na ilirejeshwa kwa mafanikio lini, na atafute yeye mwenyewe kanzidata ambayo safu ya pili iko wazi.

La pili lilikuwa jibu la swali walilojiuliza kwenye ripoti: kwa nini utaratibu wa bekapu haukuwa ukijaribiwa? Kwa sababu hakukuwa na mwenye nao, hivyo hakuna aliyewajibika kuujaribu. Wakaamua awepo mtu mmoja mwenye jukumu la uhai wa data. Kwenye `orodha.txt` yako, au kwenye lebo za kila kanzidata huko mawinguni, hilo ni neno moja tu la ziada: jina la timu itakayoamshwa mstari wake ukisema IMESHINDIKANA. Kanzidata isiyo na jina hilo, skripti ya ukaguzi iihesabu kuwa haina nakala.